Pua ya Madame

Mtu akifika kwake na kusema ana stress, Madame hakumwuliza sababu. Alimwonyesha kiti. Kilikuwa kiti cha shule, cha watoto wa mwaka wa kwanza, kifupi kiasi kwamba mtu mzima akikikalia magoti yake yanakaribia kidevu. Nilimkuta pale dereva wa lori la Uvira, mtu wa kitambi na sauti kama honi, amejikunja kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akingoja zamu. Madame alisema mtu aliyekaa juu hapumui vizuri, kwa sababu bado anajiona mkubwa.

Baada ya kiti vilikuja vichupa vitatu. Kimoja cha mchaichai, ambao sisi tunauita sitroneli. Kimoja cha mkaratusi. Cha tatu kilikuwa cha jeranium, majani yaliyotoka kwenye bustani ya masista upande wa Katana. Ulifumba macho, akakupitishia kimoja kimoja chini ya pua, wala hakukuuliza kipi unapenda. Alitazama mabega. Alisema mdomo wa mtu wa Bukavu umezoea kujibu "bien", yaani salama, hata nyumba ikiteremka na mvua, lakini mabega hayajui kudanganya. Kichupa kilichoteremsha mabega yako ndicho kilikuwa chako.

"Vuta pole pole," alisema, "sawa vile uko unanusa sombe ya jirani. Toa pole pole, sawa vile uko unapoza chai ya mugonjwa."

Kisha alichukua pindo la kitenge chako, pale pale mama wa soko anapofunga pesa, akatia tone, akafunga fundo. Wanaume aliwafungia kwenye kitambaa cha jasho. Siku ikikubana, hufungui fundo, unalinusa tu. Ukienda soko la Kadutu wakati ule ungeona mwanamke anabishana na mteja juu ya bei ya ndagala, yaani dagaa, ghafla ananyamaza, anainua pindo la kitenge hadi puani, anafumba macho, kisha anarudi kwenye ubishi akiwa na sauti nyingine. Wateja walianza kuogopa kitendo kile.

Watu walisema pua ya Madame haikosei. Hilo ndilo jambo linalonifanya nimwandike, kwa sababu Madame hakuwa na pua. Mafua makali ya ile miaka ya kufunika midomo yalimwondolea harufu zote, na hazikurudi. Kwa muda mrefu niliyejua ni mimi tu, na yeye hakuniambia. Akina mama waliokuja kufungiwa fundo walikuwa watu wake wote waliobaki. Wangejua, aliamini, kile kiti kidogo kingekaa kitupu, na yeye angekaa nacho.

Mimi nilimjua kabla ya mafuta. Alinifundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi, akiwa na rula ya mti na chaki nyuma ya sikio. Mwaka ule wote hakuniandikia "très bien", yaani vizuri sana, hata moja. Kabla ya Pasaka niliomba ruhusa kwenda kukojoa, nikapita chooni, nikapita ukuta, nikateremka hadi bandarini, nikapanda boti lililobeba vitunguu. Tangu siku ile sijakaa mahali pamoja. Nimepakia mizigo Goma, nimesukuma mawe Kamituga, nimeuza betri Uvira, nimemsaidia fundi saa, nimefuata watu waliokuwa wanahesabu nyani msituni, juu ya kijiji cha Miti, kwa sababu tu nilitaka kujua nyani wanahesabiwaje.

Nilipomkuta tena nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nilikuwa napita mtaa wa Nyamugo, kwenye zile ngazi za udongo zinazopanda katikati ya nyumba, nikasikia harufu ya sitroneli kali kuliko chai yoyote. Nilifuata harufu hadi uani kwake. Alikuwa ameinama juu ya jiko la makala, yaani makaa. Alininyanyulia macho.

"Wewe," alisema. "Uliomba ruhusa ya kwenda kukojoa."

"Ndiyo, Madame."

"Ilikuwa mbali, hiyo choo."

Toka hapo kila nilipomuaga, hata kama nakwenda Bagira na kurudi, aliuliza kama naenda tena kukojoa. Alisema mbele ya watu. Akina mama walicheka hadi wakashika mbavu, nami nikacheka nao, masikio yakiwaka moto.

Msifikiri alikuwa mtu mtulivu. Yeye aliyefundisha nusu ya mtaa kupumua aliwarushia mbuzi kandambili, alimgombeza muuza maji hadi bidoni zake zikatetemeka, na aliwahi kumwambia mke wa jirani kwamba foufou lake, yaani ugali, lingefaa kuziba shimo la barabara. Nilimuuliza siku moja kwa nini hajifungii fundo yeye mwenyewe. Alijibu kwamba kinyozi hajinyoi kisogo. Wakati ule nililichukua kama mzaha.

Alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, lakini ubani wake alinunua kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya Uvira, na walipokutana walibishana kwa furaha juu ya nani kati yao Mungu anamsikia kwanza. Muhubiri mmoja alimtaka amtengenezee mafuta ya kupaka waumini. Madame alimkatalia, akasema Bwana Yesu hana haja ya mkaratusi wake. Hakukubali pia mtu yeyote aite kitu kile dawa. Hakikunywewa, hakikupakwa mtoto mchanga, hakikuguswa kabla ya kuchanganywa na mafuta ya alizeti. Mama mmoja alifika analalamika mapigo ya moyo. Madame aligusa mkono wake, akafunga vichupa, akampeleka hospitali mwenyewe, yeye akiwa wa tatu juu ya pikipiki, amebeba mkoba wa mgonjwa.

"Mafuta haiondoake shida," alisema daima. "Inakupatia tu nafasi ya kukaa, kabla urudie shida yako."

Nimelirudia neno lile katika miji mingi. Nimelirudia kwa karani wa benki aliyekuwa mmoja wa wateja wake, ambaye benki yake ilikuwa imefunga milango na bado kila asubuhi alivaa tai, akashuka mjini, akasimama mbele ya mlango ule, akanusa kitambaa chake, akarudi nyumbani.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Pipa liliwekwa juu ya mafiga, ndani maji na majani, juu mfuniko uliozibwa pembeni kwa foufou bichi ili mvuke usitoroke. Mvuke ulipita katika tiyo, yaani bomba la shaba, na tiyo ilipita ndani ya ndoo ya maji baridi, na upande wa pili yalidondoka maji yenye harufu, juu yake utando mwembamba wa mafuta. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa tiyo. Shaba ni ngumu kupata. Tiyo aliazima chini ya ngazi zile zile, kwa mjane mmoja aliyekuwa anapika kanyanga, ile pombe kali ambayo watu wote wanailaani mchana. Mjane huyo alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache. Sisi tulimwita mwenye tiyo.

Basi kabla ya mafuta, tiyo ilibidi isahau kanyanga. Unaweka majani ya mkaratusi na maji, unapitisha, unamwaga. Unarudia, unamwaga. Hakuna saa wala kipimo cha kukuambia imesahau. Kuna pua tu.

Nilipokuwa Bukavu, Madame alininyooshea kikombe cha kwanza na kusema, "Jibu." Nilijibu kwamba kanyanga bado ipo. Akamwaga. Kikombe cha pili, "Jibu." Hivyo hivyo na mafuta yenyewe: hii ni ya majani mabichi au yaliyolala, moto ulikuwa mkali au la, kuna moshi au hakuna. Aliniuliza akiwa amesimama, mikono nyuma, kidevu juu, kama mbele ya ubao. Na nikijibu alifikiri kidogo, akasema, "Très bien."

Sijui kama msomaji amewahi kungoja neno miaka ishirini. Nilishuka zile ngazi kama mtu aliyepewa cheo. Nilianza kurudi Bukavu mara kwa mara, mimi nisiyerudi popote, nikijidanganya kwamba ni biashara. Nilinusa kila kitu njiani ili nisifeli: mashua, mvua juu ya bati, ngozi za machungwa, begi la askari kwenye bariere ya barabara. Nilijiambia kwamba shule ilinikosea, kwamba nilikuwa mwanafunzi wa aina nyingine, na kwamba mtu pekee aliyeliona hilo ni yule yule aliyenipiga rula.

Siku niliyojua, alikuwa ananiuliza juu ya jeranium. Nyuma yake, juu ya makala mengine, kulikuwa na sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Ilianza kuungua. Kwanza kidogo, halafu sana, halafu moshi wa sombe ukajaa ua mzima, jirani akakohoa ng'ambo ya ukuta. Madame alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka sufuria ile, amenyoosha kichupa, anasema pole pole kwamba mtu mwenye pua ya kweli anatenga harufu moja kati ya harufu mia.

Niliinuka, nikaitoa sufuria.

Aligeuka, akaona moshi. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona darasani. Halafu ukajifunga.

"Nilikuwa naiacha ikauke kidogo," alisema.

"Ndiyo, Madame."

"Endelea. Jeranium."

Nikajibu. Akafikiri kidogo. "Très bien," alisema, na hapo nikaelewa kwamba hakuwa na njia yoyote ya kujua. Si leo tu. Hakuna hata jibu langu moja aliloweza kulisahihisha. Ningeweza kumwambia kwamba kichupa kina petroli na ningepewa alama ile ile. Niliona aibu mbili kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa nzito: ile ya kumwona mtu mzima, mwalimu wangu, akiwa uchi namna ile bila yeye kutaka, au ile yangu, ya mtu mwenye ndevu aliyekuwa anabeba alama zisizokuwapo kutoka mji hadi mji.

Aliendelea kuniuliza, nami niliendelea kujibu, kila mmoja akimtunzia mwenzake nguo. Alipata pua, nami nilipata shule. Halafu miguu yangu ikaniwasha, nikaenda Kamituga. Aliniuliza kama naenda kukojoa.

Niliporudi miezi mingi ilikuwa imepita. Ilikuwa msimu wa mvua, na nilikuta kile kiti kidogo nje kimelowa. Pipa lilikuwa limegeuzwa, kuku amelala chini yake. Madame alikuwa anachambua maharagwe. Alinisimulia bila kuniangalia, na kwa mara ya kwanza hakutumia ile sauti ya ubaoni.

Akina mama wa parokia walikuwa na sikukuu yao. Walimwomba sitroneli kwa ajili ya wote, wafungiwe fundo kabla ya misa, kwa kuwa wangekuwa na wageni na waliogopa. Alikwenda kuazima tiyo. Alipitisha mkaratusi, akamwaga. Akapitisha tena, akamwaga. Hakukuwa na mtu ambaye yeye angemwambia "jibu." Akakadiria. Tangu yale mafua hakuna aliyemwuliza, na alikuwa amefika mahali ambapo yeye mwenyewe karibu aamini kwamba bado ananusa.

Aliyafunga mafundo akina mama wakiwa bado kwenye upepo wa barabarani, wamepaka pia mafuta yao ya nywele na manukato ya sikukuu. Hakuna aliyegundua. Ndani ya kanisa, milango imefungwa, watu wamebanana, joto likapanda, na mafundo yakaanza kusema. Safu nne za akina mama waliovaa sare zilinuka kanyanga. Walizidi kuyainua puani ili watulie, na walivyozidi ndivyo ilivyozidi. Watu wa nyuma walianza kugeuka. Katekista, mtu wa mizaha, alipita kati ya viti akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Banamama, naona leo mumepitia arusi ya Kana kwanza." Kicheko kilitembea kanisa zima mbele ya wageni. Mume mmoja alimtoa mkewe nje kwa mkono.

Walikuja kwake baada ya misa, wamekasirika na wanalia. Walitaka kujua.

"Niliwaambia, muulizeni mwenye tiyo," Madame alisema. Aliacha maharagwe. "Nilisema na sauti ya darasani. Hakukuwa mutu wa kubisha."

Walikwenda. Walisimama mbele ya ua wa yule mjane na kumwambia mengi, kwamba alitoa tiyo chafu makusudi, kwamba ana wivu. Naye alikuwa na jambo lake. Mwaka ule alikuwa ameomba kuingia katika kundi la akina mama wale wale. Alikuwa ameanza kupunguza kanyanga. Kitenge cha sare alikuwa amekwisha kushonesha, kimekunjwa kwenye valizi, lile sanduku lake la nguo. Walimwambia akitoe hapo, akitumie kuzibia chupa zake.

"Hakujibu kitu," Madame alisema. "Na mimi watu wangu wote wamerudi. Hata mumoja hajapotea. Wanakuja, wanakaa kwa kiti, wananiambia yule mwanamke ni mubaya. Niko nawafungia fundo."

Nilitafuta pa kutazama. Nilitazama kuku.

"Utanisindikiza," alisema.

Tulishuka ngazi, yeye mbele, ameshika kuta za nyumba za watu kwa sababu udongo uliteleza. Mwenye tiyo alikuwa uani anasugua bomba lake kwa majivu. Alisimama, akapangusa mikono, akamwita Madame kwa heshima, akatafuta kiti. Madame alikataa kukaa.

"Maman, tiyo yako haikukuwa na kosa."

"Najua, Madame. Mimi najua tiyo yangu."

"Kosa ni yangu. Sisikie harufu. Tangu yale mafua, sisikie kitu."

Yule mjane alimwangalia. Kisha alitoa kicheko kifupi, kikavu. "Kumbe ndiyo maana. Wewe peke yako mu mutaa ndio ulikuwa unaniambia kwangu hakunuke."

Madame alianza kuomba msamaha kwa Kifaransa, akaacha, akaanza tena kwa Mashi, lugha ya kwao, na mwenye tiyo akamwinulia kiganja.

"Kuniambia mimi haitoshe, Madame. Mimi sikujifukuza. Ambia wale."

Wiki ile mkutano wa shirika, ile sala ya majirani Wakatoliki, ulikuwa uani kwa Madame. Akina mama walijaa kwenye mabenchi. Karibu nusu yao alikuwa amewafundisha kusoma. Mwenye tiyo aliingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango, na niliona wale waliokuwa pembeni wakivuta vitenge vyao karibu. Baada ya rozari Madame hakusimama kuongea. Alivuta kile kiti kidogo hadi katikati, akakikalia yeye. Magoti yalimpanda kifuani. Sikuwahi kumwona hapo. Aliomba mwenye tiyo amletee vichupa vitatu, vyovyote.

"Fumba macho, Madame," mwenye tiyo alisema, kwa upole, kama alivyoambiwa siku zote kila mtu mwingine.

Kichupa cha kwanza kilikuwa mkaratusi. Hata mimi ukutani nilikisikia. Madame alivuta pumzi, polepole, kama alivyofundisha.

"Sijui," alisema.

Cha pili kilikuwa sitroneli. "Sijui."

Cha tatu mwenye tiyo alikitoa chini ya kitenge chake mwenyewe, na akina mama wa benchi la mbele walirudisha vichwa nyuma. Ilikuwa kanyanga tupu. Madame aliinamisha uso juu yake kama mtu anayenusa ua. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko vile vingine. Mabega yake hayakusogea.

"Sijui," alisema. "Na siku ile pia sikujua. Nikawatuma kwa mutu asiye na kosa."

Mmoja alianza kucheka, akakatisha. Hakuna aliyemwokoa kwa neno lolote, wala sidhani alitaka. Mvua ilianza kugonga bati. Mwishowe kiongozi wa akina mama, mwanamke mnene aliyepaza sauti kuliko wote siku ile mbele ya ua wa mjane, alisogea kwenye benchi bila kuinua macho, akamsukuma jirani yake naye asogee, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mwenye tiyo aliitazama nafasi ile kwa muda kabla ya kwenda kuikalia. Aliikalia pembeni, nusu tu.

Walipoondoka, nilichukua begi langu. Nilikuwa nimesikia kuna boti asubuhi. Madame alikuwa bado kwenye kile kiti. Nafikiri magoti yalikuwa yamekataa kumwinua, na hakutaka kuomba mkono. Ilibaki nimuage, nikangoja lile neno lake la choo. Hakulisema. Alininyooshea kichupa kimoja kutoka chini, na hakuweka mikono nyuma wala kidevu juu.

Nilinusa. "Sitroneli, Madame. Majani yalilala siku mbili hivi. Kuna moshi kidogo. Kanyanga hakuna."

Nilingoja afikiri kidogo.

"Asante," alisema.

Alilisema kama mtu anayeshikwa mkono kuvuka barabara. Sijawahi kusikia mwalimu akimshukuru mwanafunzi kwa kujibu, na ningependelea rula. Nilitazama viatu vyangu, na matope ya ngazi zake juu yao. Kisha nikaweka begi chini, nikanyoosha mkono kuomba kichupa cha pili.